Siku Niliyomkwepa Baba Askofu

Bora niseme mwenyewe, maana mkiisikia kwa mwingine ataitia chumvi: mimi, mwanamume wa miaka arobaini na minne, niliinama kukwepa mkono wa Baba Askofu mbele ya kanisa zima, na mafuta matakatifu yakamwagikia viatu vyake.

Mtwara nilifika kwa njia ndefu. Nimezaliwa Sumbawanga, nilipomaliza kidato cha nne nikaenda Mbeya kwa mwezi mmoja nikakaa miaka sita, kutoka hapo Songea, Tunduru (enzi zile za vumbi, ukishuka kwenye basi mama yako mzazi hakutambui), Masasi, nikavuka Ruvuma kuuza mitumba Msumbiji, nikarudi, na mwisho nikapanga chumba Mtwara, mtaa wa Chuno, kwa Bi Somoe, mjane wa Kiislamu mwenye maandazi laini na ulimi mkali. Kila nilipokaa nilipakumbuka nilipotoka, na kila nilipopanga kurudi nilijikuta ndani ya basi linalokwenda mbele zaidi.

Wakati huo parokiani zilianza kuja familia kutoka Msumbiji, watu waliokimbia vita kwao wakafikia kwa ndugu zao wa huku. Wakatoliki tangu mababu, Kimakonde chao kinasikilizana na cha majirani zetu, lakini Jumapili walikaa benchi la nyuma kabisa kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Paroko akataka waingizwe kwenye jumuiya. Nani anawafahamu? Nikanyoosha mkono. (Niliuza mitumba kwao miezi minane tu, ila kwa nilivyojieleza ungedhani nilikuwa diwani huko.) Nikawa mwenyekiti wa mapokezi.

Cheo kikanipanda kichwani. Kikao cha kwanza kilikuwa uani kwa katekista wetu, Mwalimu Anselmi, nami nikasimama na kalamu sikioni nikawatangazia wageni: "Asiye na cheti cha ubatizo na cha kipaimara, haandikwi jumuiya!" Hakuna aliyenituma. Hata Mwalimu Anselmi alinitazama kama anasikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza.

Mama Felismina, bibi mfupi mwembamba ambaye kijijini kwao alikuwa katekista, akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, na ndani ya huo vyeti vya ukoo mzima, vikavu. Walivuka mto maji yakiwa kifuani.

"Sufuria tuliacha," akasema. "Hivi hatukuacha." Kisha akanigeukia. "Na wewe uliyetupokea, mjukuu wangu Inasi bado hajabatizwa. Msimamizi wake utakuwa wewe."

Kina mama wakapiga vigelegele. Nikasema, "Ni heshima kwangu, mama." Hilo ndilo lililoniponza.

Kwa sababu sikuwa na kipaimara, na asiye na kipaimara hasimamii ubatizo. Nilipokuwa darasa la tano tuliambizana kwamba askofu akishakupaka mafuta anakuzaba kofi la kukuimarisha, na kwamba kofi hilo lilishamng'oa mtu jino. Siku ilipofika nikatoroka, nikashinda juu ya mpera nikila mapera mabichi na kusikiliza kwaya kwa mbali. Nikasema nitapokea mwakani. Nadhani ndiyo siku nilipoanza safari, sijatua mpaka leo.

Mwalimu Anselmi akaniomba cheti. Nikamwambia kiko Sumbawanga. Wiki iliyofuata, kiko kwenye basi. Ya tatu, kimelowa mvua. Jumapili ya ubatizo, baba wa mtoto amekuja kutoka Nanyamba anakofanya kazi kwenye mikorosho, shati limepigwa pasi, na Paroko akatangaza kwamba ubatizo wa Inasi umeahirishwa, kuna karatasi haijakamilika. Nje ya kanisa nikawasikia kina mama wa jumuiya: "Si nilisema? Karatasi za wale wageni zina walakini."

Hapo nikaona haya. Uongo wangu, lawama yao. Nikarudi palepale, nikawaambia kina mama kwamba karatasi isiyokuwepo ni yangu, halafu nikamfuata Mama Felismina.

"Ulitudai vyeti, na wewe huna?"

"Sina, mama."

Nikamsihi atafute msimamizi mwingine. Akacheka mpaka akakaa chini. "Nimeshakutaja wewe. Mtoto atasubiri. Jumamosi uje darasani, na daftari."

Maana darasa la kipaimara alikuwa ameshakabidhiwa yeye. Miezi miwili nilikaa na watoto, magoti yakigusa kidevu, wakaniita Babu Kipaimara.

Siku yenyewe nilisimama kwenye foleni kama mnazi katikati ya mihogo, na msimamizi wangu Mama Felismina nyuma. Alitakiwa aniwekee mkono begani, hafiki, ikabidi nikunje magoti, nikasimama kama mtu anayetafuta choo. Baba Askofu akanipaka krisma, yale mafuta matakatifu, kwenye paji la uso, nikajibu "Amina" vizuri kabisa. Halafu akainua mkono aniguse shavu kwa amani. (Nilijua ni amani. Tulifundishwa. Kichwa kilijua, shingo haikuwa na habari.) Nikainama kama bondia, kichwa kikagonga chombo cha krisma mikononi mwa shemasi, mafuta yakaruka.

"Mwanangu, unakwepa nini?" akauliza Baba Askofu, na kipaza sauti kiko kifuani pake.

Nikajibu ukweli. "Kofi, Baba Askofu."

Kanisa likapasuka kwa kicheko, na waliocheka kuliko wote ni wale wa benchi la nyuma, ambao siku hiyo walikuwa wamekaa katikati, wakigongana mabega na wenyeji. Askofu naye akacheka, akanigusa shavu polepole kama anamgusa mtoto mchanga.

Nilipofika nyumbani Bi Somoe yuko mlangoni.

"Baba, nasikia umepigana na askofu wenu."

"Sikupigana, Bi Somoe. Nilikwepa."

"Ahaa. Na bado akakupata."

Jumapili iliyofuata nilimshika Inasi akabatizwa, baba yake yuko kando yangu, na uenyekiti nikamwachia Mama Felismina. Nikatulia mpaka korosho zilipovunwa, kisha miguu ikaanza kuniwasha kama kawaida yake. Asubuhi niliyoondoka Mtwara moja kwa moja, Mama Felismina alikuja stendi akanipa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, na ndani ya huo cheti changu.

"Hata ukiacha sufuria," akasema.

Nimeapa sitamdai mtu karatasi kabla sijafungua begi langu mwenyewe. Tangu siku ile nimeshaacha sufuria katika miji miwili. Mfuko ninao.