Gemu Isiyo na Picha

Kila jioni mume wangu alicheza na simu iliyozimwa. Mimi hivyo ndivyo nilivyoona. Akishafunga cherehani yake kule mtaa wa Nateete na kurudi nyumbani, alikaa kitini, akatia spika masikioni, na kidole kikaanza kuteleza juu ya kioo cheusi. Mwanga hakuna. Mara akunje uso, mara ageuze kichwa kama mtu aliyeitwa, mara atabasamu. Nikipita karibu, kidole kinasimama.

Tangu tuoane kule Bukavu sikuwahi kumwona akificha kitu. Sasa nikaanza kumchunguza. Siku moja alipokuwa anaoga nilisoma ujumbe wake wote: wateja, kanisa, dada yake. Kutokuta kitu ndiko kulikozidi kunitia shaka.

Mimi nauza vitenge soko la Owino, hapa Kampala. Mama wa kibanda cha pili aliniambia, "Mwanamume anayezima kioo ana mtu upande wa pili. Wanaongea kwa kugonga."

Binti mmoja aliyekuwa anachagua kitambaa akasema, "Labda ni gemu, mama." Akanionyesha za kwake. Moja unaipulizia simu mpaka taa izimike. Nyingine watu wawili mnaweka vidole kwenye kioo kimoja, mikono inasokotana kama mnacheza dansi. Zilinipendeza, lakini zote zilikuwa na rangi.

"Na ya giza?" nikamwuliza.

"Hiyo sijawahi kuiona."

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani naye akakaa na simu yake, nilimchomoa spika moja nikaitia sikioni mwangu. Nilitegemea sauti ya mwanamke. Nikasikia mvua, na nyayo kwenye matope.

"Nani huyo anatembea?"

"Mimi," akasema. "Ni gemu. Unafuata sauti ya kengele mpaka ufike nyumbani."

"Gemu gani haina picha?"

Akanipa na spika ya pili. "Fumba macho."

Nilifumba jicho moja tu. La pili nilimwekea yeye. Kengele ililia kulia, nikaifuata kwa kidole, nikagonga ukuta, nikarudi nyuma, nikatumbukia mtoni. Maji yalinizunguka pande zote hata nikashika kiti.

"Imetengenezwa kwa ajili ya vipofu," akasema.

"Wewe si kipofu. Unaichezea nini?"

Akachukua simu mkononi mwangu. "Jicho la kushoto limeisha tangu Pasaka. Nilitaka nijizoeze kabla la pili halijafuata. Ningekuambia, ungefunga biashara ukae unanitazama."

Ningemkuta na mwanamke nisingekasirika vile.

Jumatatu tulikwenda hospitali. Daktari alizungumza Kiingereza kirefu, na mume wangu akanifupishia: "Anasema dawa ya matone itasaidia." Maneno yote yale, yakawa haya tu? Nilimwomba akanisubiri nje. Nikamtafuta muuguzi anayejua Kiswahili, nikamsihi anieleze neno kwa neno.

Ni presha ya macho. La kushoto halirudi. La kulia linaweza kubaki, akitia matone kila siku, maisha yake yote, bila kuruka hata siku moja.

"Mbona hukuniambia ni maisha yote?" nilimwuliza tulipokuwa tunateremka ngazi.

"Nilikuwa nitakuambia."

Nikaichukua dawa mkononi mwake. Chupa ya dawa nakaa nayo mimi, na matone namtia kwa mkono wangu, asubuhi na jioni.