Mama Mwila Agombeze Tena

Mama Mwila alipokata roho, kitu cha kwanza alichohisi binti yake Delphine kilikuwa nafuu. Tuseme ukweli. Kiharusi kilimlaza mama yule zaidi ya mwaka mzima, kikamfunga ulimi, na Delphine ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha uji kwa kijiko. Alipoona kifua kimetulia alisema, "Mungu asifiwe, amepumzika," wala hakuona haya. Hofu ilimjia baadaye, wanawake wa mtaa wao wa Naviundu walipokwisha kujaa uani na kuanza kulia. Alitaka kumkumbuka mama yake akisema neno, lolote lile, akakuta hamna. Sauti imepotea. Alichosikia kichwani ni ile pumzi nzito ya kitandani tu.

Na Mama Mwila si mtu wa kupotea sauti! Huyu ni mwanamke aliyetoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, kuja kuolewa Lubumbashi na mfanyakazi wa reli, mwanamume mpole aliyekufa mapema na kumwachia nyumba iliyojaa watoto. Hakuolewa tena. Si kwamba wachumba hawakuja, walikuja, akawatimua. Aliuza bitoyo, wale samaki wa chumvi wa kwao, katika soko la Kampemba, na mteja aliyebonyeza samaki bila kununua alitukanwa mpaka akanunua. Samaki hao waliwasomesha watoto wote. Watu wakadhani sasa atakaa chini apumzike. Wapi! Akawakusanya wajukuu, mama zao walipokwenda kazini, akaanza malezi upya.

Kubembeleza alikuwa hajui. Mapenzi yake yote yalipitia kwenye ugomvi: kwa nini umetoka bila sweta, kwa nini umekonda, nani amekuliza, nionyeshe nyumba yao. Mtoto ambaye hakugombezwa siku mbili tatu alianza kujiuliza amemkosea nini bibi.

Siku iliyofuata mazishi, wajukuu walitaka kufanya mchezo wao. Ni haki yao: bibi akifa, mjukuu huvaa nguo zake, akamwigiza mbele ya waombolezaji, akamcheka na kuwacheka wote, na anayekasirika ndiye mjinga. Delphine alikataza. Alisema kwaya ya parokia inakuja, itakuwa aibu. Sababu hiyo haikuwa ya kweli. Aliogopa kwamba akisikia sauti ya kuigiza, hiyo ndiyo itakayomkaa kichwani, na ile ya mama yake haitarudi kamwe.

"Mama, hauna na haki ya kukataza," alisema Sephora, binti yake mkubwa, ambaye kama wajukuu wote alimwita bibi Kambo. "Weye ni mutoto wa Kambo. Ni shiye bajukulu benye kucheza."

Delphine alijua ndivyo ilivyo. Akaenda zake jikoni, akaipa mgongo hema ya waombolezaji, akaanza kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Sephora alitoka chumbani amefunga kitenge juu ya kifua, miwani ya bibi imefungwa kwa kamba, beseni kichwani, nyonga ikienda upande. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kisha akaufungua, akimgeukia kijana mmoja aliyekuwa akichungulia sufuria.

"Weye Précieux! Uko natafuta nini mu sufuria ya bantu? Juzi ulikula, jana ulikula, leo tena? Na beye ba chorale, munaimba sawa mbuzi ya kunyeshewa! Mulikuya kunililia ao kunifukuza?"

Kwaya yenyewe ilivunjika mbavu kwa kicheko. Delphine alisimama na mwiko mkononi. Ilikuwa sauti yenyewe, ya mama yake. Lakini hakuthubutu kujiamini. Mtu mwenye kiu kali hata matope huyaona maji.

Wakati huohuo dada mkubwa wa marehemu, Mama Mumba, alifika mlangoni. Alikuwa ametoka Kilwa kwa lori, lori likakwama njiani, na mazishi yakampita. Macho yake hayaoni tena vizuri, ila masikio hayana kasoro. Alisimama, akasikiliza, akatupa mzigo wake chini.

"Mwila! Banasema ulikufa, kumbe uko nagombeza bantu! Nimelala mu matope juu ya kuya kukuzika! Haya hauna?"

Watu wote wakageukia mlangoni. Sephora alibaki mdomo wazi, beseni likimwinamia. Delphine aliacha mwiko, akaenda mbio kumshika mkono bibi yule.

"Mama mukubwa, huyu ni Sephora. Ni muchezo ya bajukulu. Mama alikufa kweli. Tulimuzika jana."

"Sephora?" Mama Mumba alitikisa kichwa. "Hapana. Ile sauti ni ya Mwila. Nilikomeaka naye tangu butoto, ile sauti naijua."

"Ndiyo, Mama mukubwa," alisema Delphine, na machozi yakaanza kumtiririka, yale yaliyokuwa yamegoma tangu mwanzo. "Ni ya Mwila. Hata mimi nilisikia."

Furaha iliyomjaa hakuweza kuificha, na hakujaribu. Mama Mumba alilia naye kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akatandikiwa mkeka.

"Basi aendelee," alisema. "Anigombeze juu ya kuchelewa. Mwila hangeniachilia."

"Ngoja, Mama mukubwa. Mimi kwanza." Delphine alikwenda akasimama mbele ya binti yake kama mtoto aliyeitwa. "Nigombeze mimi."

Sephora alimtazama mama yake, akasita. Kisha akaweka miwani sawa.

"Delphine! Uko nasimama pale sawa poto ya umeme juu ya nini? Mwaka muzima uko naniogesha, weye mwenyewe ulilala lini? Angalia macho yako! Mimi nilishapumzika. Kwenda, ulale!"

"Ndiyo, mama," alisema Delphine.

Akaingia ndani, akavua viatu, akalala mchana kweupe, huku uani Mama Mumba akipokea matusi kwa zamu yake.