Ngoma Iliyokula Gunia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya mkono wa mzee kiziwi. Ilikuwa mnadani Ikungi, mchana wa jua kali na upepo ule wa baada ya mavuno. Mzee alipanda juu ya lori tulilokuwa tukitumbuizia, akaingiza mkono chini ya ngoma yangu, akavuta, akatoa gunia zima la katani. Akalinyanyua ili watu wote walione. Spika mbili kubwa zilikuwa bado zinaimba, na tumba linasikika vizuri kabisa, ilhali mimi mpiga tumba nimeweka mikono mapajani.

Ngoja nirudi nyuma, maana habari ikianzwa kwa mkia huonekana kichekesho tu.

Tulikuwa vijana watatu wa Mandewa, Singida. Zefania alipiga gitaa, Rajabu aliimba, mimi nilipiga tumba. Tulijiita Kokoto Jazz, kwa kuwa kwetu ukichimba msingi wa nyumba unakutana na jiwe kabla hujatoa jasho. Vyombo tulivyokuwa tukipigia vilikuwa mali ya shirika la umma. Miaka ile mashirika yalikuwa yanafungwa, na la kwetu lilipofungwa, vyombo vilifungiwa stoo pamoja na meza na taipureta. Tukabaki na gitaa moja la Zefania lisilo na spika, na ngoma yangu. Hiyo alinitengenezea Babu Ntandu wa Ikungi, akaiwamba ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe, kabla ugonjwa haujamchukua masikio.

Wewe, mwanangu, hujui kukosa sabuni. Sisi tumefulia maji ya majivu, tumepanga foleni dukani tangu alfajiri na kuambiwa imekwisha. Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, na maduka yakajaa sabuni za kila rangi. Kwa hiyo kampuni moja ya sabuni ilipofika Singida ikitangaza sherehe ya msimu wa mavuno, tuliipokea kama mkwe aliyeingia na ng'ombe.

Sherehe yenyewe waliiita kanivali. Neno lilikuwa geni. Pale kijijini Ulemo bibi mmoja alimwuliza Rajabu, "Mjukuu wangu, hiyo kanivali inapikwa na nini?"

"Na sabuni, bibi."

"Basi mtaharisha," akasema, akaenda zake.

Aliyeongoza msafara alikuwa kijana wa kampuni kutoka Dar es Salaam, tukimwita Bwana Masoko. Alikuwa mcheshi, hana dharau, hilo niliseme. Makubaliano yake yalikuwa mafupi: tuzunguke na lori vijijini, tumalizie uwanjani Singida mjini, na siku ya kufunga tutakabidhiwa vyombo vipya, magitaa, spika na kila kitu. Ila muziki wenyewe ungetoka kwenye kaseti, iliyorekodiwa Dar na watu tusiowajua, wakiisifu sabuni.

"Sauti niachieni mimi," alituambia. "Nyie nipeni mikono na meno."

Yaani tupige picha ya muziki, si muziki. Tulitazamana. Zefania akasema, "Kwani tutaumia wapi?" Mimi nikaitikia.

Gitaa bila waya halina shida, halisikiki. Ngoma haina waya. Nikijaribu kugusa kidogo tu, inalia. "Kaka, pipa lako linaniharibia kaseti," Bwana Masoko akalalamika. Basi nikatafuta gunia, nikalisokomeza ndani kwa chini mpaka ngozi ikawa kama godoro. Hakuna aliyenishika mkono. Gunia nililitafuta mwenyewe na nililisokomeza mwenyewe, na kosa hilo sitaki kulibandika kwa mtu mwingine.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba watu walicheza. Ulemo walicheza, vijiji vilivyofuata walicheza, wakatupongeza. Ukisifiwa kwa kazi usiyoifanya, mwanangu, mara ya kwanza unaona haya, mara ya pili unaona kawaida. Mimi nilikuwa nimeshafika mara ya tatu.

Ndipo tukafika Ikungi, siku moja kabla ya kufunga.

Babu Ntandu alikuwa na desturi inayojulikana pale. Tangu awe kiziwi, penye ngoma alisogea mpaka mbele, akaweka kiganja ubavuni mwa ngoma, akafumba macho, na huko ndiko alikosikilizia. Mpigaji yeyote alimpa nafasi. Siku ile watu walimsaidia kupanda lori kwa heshima, nami nikamwamkia kwa kuinama, kwa kuwa sauti asingeisikia. Akaweka kiganja. Akasubiri. Akakihamisha juu ya ngozi. Akafumbua macho, akanitazama mikono, akatazama spika, kisha akainama na kuingiza mkono chini.

Kiziwi hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani. Alisema kwa Kinyaturu, akarudia kwa Kiswahili ili mgeni naye aelewe:

"Saidi, mimi nimeziba masikio, sijaziba viganja. Ngozi hii ni ya ng'ombe wangu. Nani ameilisha gunia?"

Mnada ulilipuka kwa kicheko. "Kumbe ngoma imeshiba," akapaza sauti muuza vitunguu. Mwingine akadakia, "Ipe na maji ishushie."

Babu hakucheka. Alinitupia gunia miguuni. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," akasema. "Mimi niliivuta kwako. Wewe umeivutia kwa nani?"

Nilimtazama Zefania. Alikuwa bado anachezesha vidole juu ya nyuzi, na alinisemesha bila kugeuza uso: "Rudisha gunia, Saidi. Imebaki kesho tu."

Imebaki kesho tu. Alikuwa anasema kweli. Kesho ile ilikuwa na magitaa mapya ndani yake, ilikuwa na bendi yetu yote. Ningerudisha gunia, watu wangecheka mpaka wachoke, na kesho ingefika.

Nikaibeba ngoma yangu, nikashuka nayo.

Niliiweka chini, hatua chache kutoka kwenye gurudumu la lori, nikaanza kupiga wimbo wetu wa mavuno. Bwana Masoko akaongeza sauti ya spika. Nikaongeza mkono. Akaongeza tena. Mashine haichoki, mwanangu, na mimi viganja vilianza kuvimba, ila sikuacha. Babu aliteremshwa, akaja, akaweka kiganja ubavuni mwa ngoma, akaanza kucheza. Spika zilikuwa zinapiga mwendo wao na yeye anacheza wa kwangu, maana huo pekee ndio uliomfikia. Muuza vitunguu akamfuata. Rajabu akaruka kutoka juu ya lori na kuimba kwa koo tupu mpaka mishipa ikamsimama.

Zefania hakushuka.

Sitakudanganya kwamba mnada wote ulihamia kwetu. Ulihamia nusu. Wengine walibaki kwenye lori, walikuwa wanagawiwa sabuni. Lori lilipoondoka kwenda mjini, Zefania alikuwa juu yake, ameshika gitaa lisilo na waya. Na kampuni ilitimiza ahadi: kesho yake alikabidhiwa vyombo vyote. Amevipigia harusi za Singida miaka mingi, ameviongeza, amesomeshea watoto. Rajabu aliacha muziki, akawa fundi cherehani. Mimi sikupata spika hata moja mpaka nimeota mvi. Waliniita mshamba, wakaniita mbishi. Waache. Cha kuazima hakistiri maungo, na sauti ya kuazima ni hivyo hivyo.

Leo nawaona mnapanda jukwaani, mnachezesha midomo, wimbo unatoka mahali pengine. Mkiniambia mzee dunia imebadilika, nitawajibu kwamba niliisikia dunia hiyo ikibadilika, nilikuwa juu ya lori lake. Sikukatazi kupanda lori la tajiri. Panda. Kula naye, safiri naye. Lakini siku atakapokuambia kazi yako inaiharibu kaseti yake, shuka, hata kama imebaki kesho tu. Hasa kama imebaki kesho tu. Na ukishakosea kama nilivyokosea, usingoje watu wamalize kucheka ndipo urekebishe. Litoe gunia wangali wanatazama.

Mungu akupe mikono isiyochoka, mwanangu, na akuwekee karibu mtu mmoja asiyesikia sifa unazopigiwa.

Babu Ntandu tulishamzika. Zefania na mimi hatujasemezana tangu siku ile ya Ikungi. Wiki iliyopita Rajabu aliniletea kadi: Jumamosi Zefania anamwoza bintiye, hapa hapa Mandewa. Nyuma ya kadi Zefania ameandika kwa mkono wake, "Njoo na ngoma yako."

Hakuandika kama atazima spika.