Makombo Yaliyotaka Kulifunga Bweni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwiko uliokaribia kunizidi urefu. Mpishi mkuu wa wakati huo, mzee aliyekuwa amepika jeshini, alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akaniuliza, "Wewe kijana, kwenu mama anapika ugali wa watu wangapi?"

Nikamwambia kwetu tuko wengi, na wageni hawakauki.

"Basi hapa kila siku ni msiba," akasema. "Unapika kama wa matanga, ila hakuna aliyekufa. Shika mwiko, songa."

Nikasonga mpaka mabega yakawaka moto. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu, na shule yenyewe ilikuwa ya sekondari ya wasichana, ya bweni, huku juu Mbinga. Jiko lake lilikuwa banda la matofali ya kuchoma, mafiga ya mawe makubwa, na moshi uliokuwa unatafuta mlango pamoja na sisi. Ninyi mnaopikia gesi mtaona nasimulia mambo ya kale, lakini naandika kwa ajili yenu, na kwa ajili ya mwenzangu mmoja ambaye tulimzika mwaka jana. Mengi ya maana nitakayoyaeleza hapa aliyaanzisha yeye, na sipendi sifa zake nizichukue mimi kwa kuwa yeye hayupo.

Miaka ile ya mwanzo, mpishi hakuulizwa bei ya kitu. Chakula kililetwa na mzabuni, yaani mfanyabiashara aliyeshinda zabuni ya kuilisha shule. Alishusha mahindi, maharage, sukari na mafuta, nayo serikali ikamlipa. Kazi yetu ilikuwa kupika kiive na kiwahi kengele. Mpishi mkuu alinifundisha kusoma moto. Moto wa uji ni mdogo na wa subira. Moto wa maharage unaanza mkali kisha unapunguzwa kwa kuvuta kuni nje. Alinifundisha pia kugawa kwa upawa bila kumwaga.

Jambo moja sikuhitaji kufundishwa, maana nilitoka nalo nyumbani. Kwetu Umatengoni, huku milimani, sufuria haikwanguliwi mbele ya mgeni. Akisikia mwiko unakwaruza chini, atajua umempimia. Chakula lazima kibaki, tena kibaki kinachoonekana. Wala mgeni haulizwi atakula kiasi gani, unamjazia, basi. Hivyo ndivyo tulivyowapikia wasichana, na hivyo ndivyo tulivyowajazia sahani. Wasipomaliza tulijiona watu wakarimu.

Makombo hayakutupwa. Jirani yetu, Mzee Gaudensi, alifuga nguruwe, na kila jioni alikuja na ndoo zake akazijaza. Krismasi ilipofika alituletea mguu mmoja, tukagawana. Haukuwa wizi. Kila mtu alijua, hata matroni alipata kipande chake.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakajaa blubendi, biskuti na sabuni za kunukia. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia vijijini, mwaka huu bei juu, mwaka ujao bei chini, na wazazi wakaambiwa wachangie gharama za shule. Ruzuku, ile pesa ya serikali ya kulisha wanafunzi, ikaanza kuchelewa. Mzabuni akaanza kuleta nusu ya alichoagizwa, na robo ya hiyo nusu ina wadudu. Mpishi mkuu alistaafu wakati huohuo, mimi nikapewa nafasi yake.

Ndipo akaja Mama Tabitha. Alikuwa Mnyasa kutoka Mbaha, kule chini ziwani, Mwanglikana, mwimbaji wa kwaya, mjane. Binti yake Tabitha alikuwa kidato cha pili palepale shuleni, naye aliomba kazi ya upishi ili awe karibu na mtoto na apate ada. Siku ya kwanza aliniamkia kwa adabu, akaonja mboga yangu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, akatafuna polepole.

"Kaka Osmundi," akasema, "hawa samaki waliwakosea nini?"

"Kwa nini?"

"Mmewachemsha na mchanga wao. Hata wanaokwenda kaburini huoshwa kwanza."

Wapishi wenzangu walicheka wakashika kuta. Mimi sikucheka siku ile.

Muhula huo haukuisha vizuri. Mkuu wa Shule, mama mmoja mwembamba aliyefundisha hesabu, alirudi kutoka kikao cha bodi wilayani akatuita wapishi wote ofisini. Hakukaa kwenye kiti.

"Bodi inataka bweni lifungwe, pesa ya chakula haitoshi," alisema. "Wasichana wawe wa kutwa, walale kwao."

Ambaye kwao ni Mbinga mjini angeweza. Lakini kuna waliotoka Mbamba Bay, Tingi na Mbaha, na barabara ile ya kupanda mlima masika gari linalala njiani. Hao ingebidi wapange vyumba mjini, watoto wa kike, peke yao. Tulijua nini huwapata, na wazazi walijua. Wengi wangewaacha nyumbani tu. Nilimtazama Mama Tabitha. Alikuwa ameishika meza.

"Nimeomba muhula mmoja," Mkuu wa Shule akaendelea. "Nimewaambia chakula kile kile kinaweza kutosha. Wamenicheka, lakini wamenipa. Sasa mniambie ninyi. Mbona nguruwe wa jirani wananenepa kuliko wanafunzi wangu?"

Kisha Mama Tabitha akasema, "Madam, mimi niliona tangu siku niliyofika. Nikajiambia mimi mgeni, ninyamaze."

"Usinyamaze."

"Wasichana wa ziwani hawali maharage yetu, ni magumu na yanawajaza tumbo. Wasichana wa huku juu hawali usipa wetu, wana mchanga. Kwa hiyo siku ya maharage nusu ya bwalo inamwaga, siku ya usipa nusu nyingine inamwaga. Wakitoka hapo wanakwenda kwenye uzio kununua maandazi kwa pesa waliyopewa na wazazi. Mzazi analipa chakula kimoja mara mbili, na chenyewe kinaliwa na nguruwe."

Mkuu wa Shule alikaa sasa. "Tuanzie wapi?" akauliza. Alimuuliza yeye, tena kwa unyenyekevu, na mimi hilo nililiheshimu.

Tulianzia kwenye maharage. Zamani tuliyaosha asubuhi na kuyabandika makavu, yakala kuni mpaka saa za mchana na bado yakagonga meno. Tukaanza kuyaloweka jioni na kumwaga maji ya kulowekea. Yaliiva mapema na kuni zikabaki. Kuni zenyewe tulikuwa tunanunua mbichi, magogo mazima, kwa sababu ni rahisi; kumbe nusu ya moto ilikuwa inakausha maji ya gogo. Tukanunua mapema, tukazipasua, tukazipanga chini ya paa zikauke. Mkuu wa Shule ndiye aliyegundua hasara ya gari. Kila juma tulikodi gari kwenda sokoni kufuata vitunguu na chumvi, na nauli ilizidi vitunguu. Akaamuru tununue kwa mwezi.

Usipa nao walibadilika. Mama Tabitha aliwapepeta kwenye ungo, akawakaanga kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka wakanukia, akawaosha kwa maji ya moto mchanga ukabaki chini, ndipo akawaunga kwa nyanya na unga wa karanga. Dada mkuu wa wanafunzi, binti wa Kimatengo, alionja kwa ncha ya kidole. Akaonja tena kwa vidole vyote. "Mama, hawa ni wale wale?" akauliza. Badala ya kununua kwa mchuuzi wa mjini, tukapatana na dereva mmoja aliyekuwa akipeleka maharage Mbamba Bay na kupanda mlima gari likiwa tupu. Akatuletea magunia ya usipa kwa nauli ndogo, mwenyewe akifurahi.

Siwezi kusema tulishinda kila mahali. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, lilitushinda. Tulijua kwamba kukoboa mahindi kunatupa pumba, na kwamba dona ni tamu na lina nguvu, lakini wasichana waliligomea siku mbili, wakisema ni chakula cha jela. Tukaliacha kwenye ugali, tukaliweka kwenye uji, wakanywa bila kujua. Walipojua walikuwa wamelizoea.

Ila vita vikubwa vilikuwa kati yangu na Mama Tabitha. Siku moja bwaloni nilimsikia akimuuliza mwanafunzi, upawa uko hewani, "Nusu au kamili?"

Nilimvuta pembeni. "Mama Tabitha, unatuaibisha. Mtoto wa mtu anaulizwa chakula?"

"Huyu si mgeni, kaka. Huyu anaishi hapa."

"Hata kama. Kwetu hatuulizi."

"Kwenu mnamjazia mtu akishindwa mnafurahi. Mimi namuuliza, akitaka tena anarudi, namwongeza mpaka atosheke. Nani anamheshimu zaidi?"

"Sufuria itakwanguka."

"Ikwanguke! Bweni likifungwa, hiyo heshima yako utampakulia nani?"

Nilisimama karibu na dirisha la kugawia nikiona haya kwa kila "nusu" iliyotamkwa. Lakini nikaona mambo. Yule binti mdogo aliyekuwa akimwaga kila siku alisema nusu, akala akamaliza. Yule mrefu mcheza netiboli alisema kamili, akarudi, akarudi tena, na hakuna aliyemnyima. Wasichana wakaanza kutaniana kwenye foleni, "Wewe kamili, tumbo lako debe!" Na kule kwenye uzio akina mama wa maandazi wakaanza kuondoka na beseni zao bado nzito. Niliwaonea huruma hao, nisifiche. Nao walikuwa na watoto.

Mzee Gaudensi alikuja jioni, akachungulia pipa la makombo, akachungulia tena kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

"Osmundi, leo hawakula?"

"Wamekula, mzee."

"Sasa vyangu viko wapi?"

"Wamekula."

"Mnaniulia nguruwe!" akafoka. "Krismasi mtakula nini? Mtakula hiyo nusu na kamili yenu?" Aliondoka na ndoo zikigongana. Baadaye alipanda magimbi ya kuwalishia, na Krismasi ile hatukupata mguu.

Muhula ulipokaribia kwisha, bodi ilikuja shuleni ikiongozwa na Afisa Elimu wa Wilaya, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Alitaka kuona watoto wanakula nini, maana alishaambiwa kwamba tunabana matumizi kwa kuwalaza njaa. Hakungoja kuandaliwa mezani. Alisimama kwenye foleni na sahani yake. Nilimwomba Mungu Mama Tabitha amjazie tu, asiseme neno. Ilipofika zamu yake, upawa ukaenda juu.

"Shikamoo, Afisa. Nusu au kamili?"

Afisa Elimu akamtazama, akaitazama sufuria.

"Marahaba. Kamili, mama. Nimetoka mbali."

Alikula usipa, akamaliza, akarudi. Alipoweka sahani chini alimgeukia dada mkuu. "Sema kweli, binti. Mnashiba?"

"Tunashiba, mheshimiwa. Zamani tulikuwa tunaona chakula kingi tu. Sasa ndiyo tunashiba."

Kisha akaomba kufunguliwa stoo. Miaka yote niliyofanya kazi pale, mwisho wa muhula stoo ilikuwa na panya na magunia matupu. Siku ile alikuta magunia ya mahindi yamepangwa kutoka ukutani mpaka karibu na mlango, na maharage juu yake. Alipiga gunia moja kwa kiganja, kama anayempongeza mtu begani.

Kikao kilikuwa kirefu. Sisi tulikaa jikoni tukijifanya tunasugua sufuria. Mama Tabitha alisugua moja mpaka nikaona sura yangu ndani yake. Mwishowe Mkuu wa Shule akaja, viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope, akasimama mlangoni.

"Linabaki," akasema. "Bweni linabaki. Na mwakani wanataka tuongeze vitanda."

Mama Tabitha alikaa juu ya gunia akajifunika khanga usoni. Mimi nilichukua ule mwiko mrefu nikaipiga sufuria kubwa kama ngoma, na wasichana, ambao walikuwa wanasikiliza madirishani muda wote huo, wakapiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka juu ya paa. Walimbeba Mkuu wa Shule. Walitaka kunibeba na mimi, wakashindwa, wakanikokota. Wa ziwani waliimba kwa Kinyasa na wa huku juu kwa Kimatengo, kila kundi likiitikia la mwenzake kwa kubahatisha maneno. Sijawahi kuona harusi yenye furaha ile.

Tabitha alimaliza kidato cha nne akitokea bweni lile. Mama yake aliendelea kupika nami mpaka alipostaafu akarudi Mbaha, nami nilistaafu miaka michache baadaye. Ninapoona vijana leo wakinunua sukari ya kijikaratasi kila asubuhi, au wakikodi bodaboda kufuata nyanya mbili, siwagombezi. Nawaambia tu waangalie pipa lao la takataka na waulize pesa yao inamlisha nani. Na kwa wenye ndoa changa naongeza hili: mwulizeni mwenzenu anataka nini kabla ya kumpakulia. Ilinichukua muda kujifunza kwamba kuuliza si uchoyo.

Mwaka jana, nikitoka kumzika Mama Tabitha kule pwani ya ziwa, nilishuka kwenye gari Mbinga nikapita shuleni. Wasichana walikuwa madarasani. Barazani mwa bweni, mbele ya kila mlango, kandambili zilikuwa zimepangwa, jozi baada ya jozi, nyingine mpya, nyingine zimeshonwa kwa waya, kutoka mwanzo wa baraza hadi mwisho wake. Mlinzi aliniuliza kama natafuta mtu. Nikamwambia hapana, nimewaona wote.