Zimwi la Vichwa Saba Kanisani

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu la Kilutheri hapa Tanga. Nikiwa nyumbani, narekodi upya miziki ya magemu ya zamani kwa sauti za vinanda vya miaka ya themanini.

Jumamosi moja nilijaribu spika za kanisa kwa muziki wa zimwi la mwisho la gemu moja, lile la vichwa saba lililokuwa likiniua kila siku utotoni. Nilipogeuka, Mama Neema, mwalimu wa kwaya, alikuwa mlangoni anafuta machozi.

"Mwanangu, wimbo huu umeshushiwa?"

Nikainamisha kichwa. Akadhani ni unyenyekevu. Akautungia maneno ya sifa, akaugawa sauti nne, na besi nikaifundisha mimi, bila haya.

Jumapili wakauimba. Sijui niwaelezeje. Vile vilio vya kimashine cha plastiki vilipanda mpaka kwenye bati vikawa kitu kingine kabisa. Akina mama walifumba macho. Mimi mwenyewe, ninayelijua zimwi lile kuliko binamu zangu, nilisisimka mwili mzima.

Mchungaji mgeni kutoka Lushoto, mzee wa mvi tupu, akaniita mbele.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba."

Akanikumbatia, kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwake, akaninong'oneza:

"Mimi na wanangu tulipambana na lile zimwi mpaka mashine ikaungua. Wewe uliliua?"

Spika nilizozijaribu mwenyewe zilimfikishia kila mtu swali hilo. Kanisa zima likanigeukia, likisubiri jibu langu.