Daktari wa Meno na Kimulimuli

Daktari wa meno ana mikono myepesi na macho yasiyotulia. Mgonjwa akishaachama, yeye hutazama dari. "Umemwona mjusi yule? Jana alikuwa na mkia!" Nesi wake hukohoa kidogo ili amrudishe kwenye jino. Nyigu waliojenga juu ya mlango amekataza wasiguswe, na kila asubuhi yeye humwamkia buibui wa dirishani: "Habari za kazi, fundi?"

Jioni moja aliketi kitini dereva wa lori, mwanamume wa miraba minne, ambaye mara mbili alikuwa amekwishatoroka kwa kuogopa koleo. Ganzi ilikuwa imeshaingia umeme ulipokatika. Nesi akajua moyoni kwamba mtu wao anachanja mbuga tena. Mara nukta ya kijani ikaingia dirishani, ikawaka, ikazima, ikawaka tena juu ya sinki.

"Kimulimuli!" Daktari akatupa koleo kwenye trei, akaanza kurukaruka na kikombe cha kusukutulia.

"Kule, dokta, kule!" Dereva, ulimi mzito kwa ganzi, alikuwa ameshashuka, kitambaa kikimning'inia shingoni. Nesi naye alijikuta amepanda juu ya stuli, anacheka mpaka machozi. Wakapigana vikumbo gizani wote watatu, hadi mdudu mwenyewe akaamua kutua kwenye kidole gumba cha dereva.

Umeme uliporudi, jitu lile lilirudi kitini bila kuambiwa, kidole kikiwa juu, likaachama.

"Ng'oa, dokta," alisema. "Lakini polepole, usije ukamshtua mgeni."