Santuri Nilizozichoma Bila Kuzisikiliza

Ipo siku moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, wala sitaki initoke. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikiuma masikio, nami msichana wa chuo wa miaka ishirini na mmoja nimeinama uani kwa baba yangu, namwaga mafuta ya taa juu ya rundo la santuri.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Wahenga walisema hasira ni hasara, nami nawaheshimu, lakini nyingine mtu akiizima anakuwa amezima na taa. Nimesikia kwamba wewe na wenzako wa kwaya ya vijana hapa Uyole mmetangaza Jumapili ijayo kuwa siku ya kusafisha nyumba: kila mtu alete kanda, sidii na santuri za kidunia, zichomwe nyuma ya kanisa. Mwenzako mmoja, kwa adabu kabisa, amenipigia simu akaniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: ni santuri zipi za injili zinazofaa kununuliwa kwa maktaba ya kwaya, na je, nitawapa zangu za bluzi mzichome? Nilikata simu. Leo nimetulia kiasi cha kushika kalamu, ila sijapoa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sekondari na mzee wa kanisa. Alikuwa na gramafoni na santuri zipatazo thelathini, nyingi akiwa ameachiwa na mwalimu mwenzake, Mmarekani mweusi, aliporejea kwao. Baadhi zilikuwa za injili. Nyingine zilikuwa za bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi hao hao: mtu na gitaa lake, anasimulia njaa, safari na mpenzi aliyeondoka. Ya Kiswahili ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya kwaya ya usharika wetu, iliyorekodiwa nikiwa mtoto mchanga, na katika wimbo wa pili wa upande wa kwanza, anayeanzisha ni mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Sura yake naijua kwa picha. Sauti yake niliijua kwa santuri ile, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

Chuoni niliokoka, na kuokoka si kosa. Namshukuru Mungu hadi leo. Kosa langu lilikuwa kumkabidhi akili yangu kiongozi wetu wa ushirika wa wanafunzi, kijana ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kusoma kwake. Debe tupu haliachi kuvuma. Alitufundisha kwamba wimbo usiomtaja Bwana unamtumikia adui yake, na kwamba tukikuta santuri za namna hiyo nyumbani tusizipige, tusizitoe hata kwenye majalada, maana pepo huingilia masikioni. Nilikuwa nasomea kufundisha Kiingereza, mwanangu. Kila neno la nyimbo zile ningelielewa. Nikaambiwa nisisikilize, nikatii!

Baba alipokwenda msibani Chimala, nilizipanga santuri zote sakafuni kwa kutazama majalada. Lenye msalaba au watu waliovaa majoho, kulia. Lenye sigara, chupa au mtu aliyeinamisha kofia usoni, kushoto. La kwaya yetu, la karatasi nyepesi lenye mchoro wa mnara wa kanisa, nililibusu kabla ya kuliweka kulia. Nililisikia mkononi kuwa zito, lina santuri ndani. Sikutaka kujua zaidi. Za kushoto nikazitia moto. Hazikuwaka kama kuni. Zilijikunja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, zikatoa moshi mweusi ulioingia hadi kwenye blanketi zetu.

Baba aliporudi aliliona doa la moto uani kabla hajaweka mzigo chini.

"Lile jalada la mtu mwenye kofia nyeupe liko wapi?"

"Nimelichoma, baba. Lilikuwa la bluzi."

"Uliitoa santuri ukaitazama?"

"Hapana."

"Uliisikiliza?"

"Hapana, baba."

"Hata upande mmoja?"

Baba akaketi pale pale kwenye ngazi, koti la msibani mwilini. Kisha akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi mzito. Jalada la kwaya lilikuwa limelainika kwa unyevu, na lile la bluzi lilikuwa la kadi ngumu. Basi alikuwa amezibadilishia majalada: santuri ya bluzi kwenye karatasi, santuri ya mama kwenye kadi. "Hapa kwetu," alisema, "mbegu bora huwekwa kwenye kibuyu kisicho na ufa, hata kama jana kibuyu hicho kilikuwa cha pombe ya ulanzi. Mtoto wa mkulima hulijua hilo." Mimi nilikuwa mtoto wa mkulima tangu babu, na sikulijua.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenikaripia. Alisikia habari akiwa shambani kwake, akaja na jembe begani, akaanza kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, msomi! Ulikwenda chuo ukarudi na kiberiti?"

"Shangazi, nilidhani..."

"Hukudhani. Kudhani ni kazi, wewe hukufanya kazi yoyote. Ng'ombe hunusa majani kabla ya kula. Wewe hata kunusa? Na huyo kijana wenu wa mapepo mlete hapa, aimbe kama alivyoimba wifi yangu, tuone kama atafika ubeti wa pili!"

Jioni ile baba alitoa santuri iliyosalimika ndani ya jalada la kwaya, akaipiga. Kwa mara ya kwanza nikamsikiliza mtu wa bluzi. Alikuwa akimlilia mkewe, aliyezikwa yeye akiwa mbali kazini. Hapakuwa na pepo. Palikuwa na mgane. Baba akasema, bila kunitazama, "Mama yako alipofariki, nyimbo za kanisani ziliniambia nitamwona tena, nami naamini. Huyu ndiye pekee aliyekubali kwamba kwa sasa simwoni."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeuliza kwa wanakwaya waliobaki, kwa majirani, kwa wachungaji wastaafu. Nakala nyingine haijapatikana. Na yule kiongozi wetu? Nilimkuta miaka mingi baadaye Mwanjelwa, anauza simu, na dukani kwake pakivuma wimbo wa mapenzi. Nilipomkumbusha moto ule, alicheka: "Aa, dada, si tulikuwa vijana bwana!" Ndiyo, alikuwa kijana. Yeye ujana ulimpita akabaki na duka, mimi nikabaki bila sauti ya mama yangu. Tangu hapo, anayewasha moto kwa mali ya wengine namuuliza kwanza kilicho chake rundoni ni kipi.

Sasa nimjibu mwenzako. Kwa injili, msikimbilie zile zilizosafishwa studio hadi hakuna anayekohoa. Tafuteni zilizorekodiwa ibadani, zenye makofi, na bibi mmoja anayechelewa kupokea kiitikio. Tafuteni wanaume wanne wasio na ala, wanaobebana kwa sauti tu; na mama mmoja na piano yake. Kisha wekeni bluzi kando yake, mkianza na ya gitaa moja kabla ya zile za bendi, ili msikie kwamba wengi wa waimbaji hao walijifunza kuimba katika makanisa yale yale. Zaburi zimejaa vilio vya watu waliomwuliza Mungu yuko wapi. Mbona hizo hamzichomi? Na mkinunua kwenye mitumba, toeni santuri mwangani mwone ni ipi hasa. Kabla ya hizo zote, lakini, fungueni masanduku ya bibi zenu. Kanda za kwaya za Kihehe, Kibena, Kisafwa na Kinyakyusa zinaoza humo. Hizo haziagizwi popote duniani. Zinakilini.

Zangu, nilizozikusanya tangu siku ile, hamtazipata kwa kiberiti. Njooni Jumamosi hii, siku moja kabla ya moto wenu, saa nane mchana, mzisikilize pande zote mbili. Atakayesikia dhambi aniambie ni katika ubeti gani, nami nitamsikiliza.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu: usikihukumu kitu kwa jalada lake, wala usimwazime mtu mwingine masikio yako akusikilizie. Imani inayoogopa kusikia haijawa imani bado. Mama yako aliyekuzaa yu hai, anaimba akipepeta mchele. Mrekodi wiki hii, weka nakala kwako na nyingine kwa dada yako.

Mungu akujalie masikio yaliyo wazi na mkono mzito kuwasha moto. Akuzidishie nyimbo za kushukuru, na siku ya msiba asikukoseshe wimbo wa kulia. Amina.